Kwa nini redio ya FM inatoweka kwenye simu janja

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MKULIMA wa pamba wa Itilima au Meatu anayeachana na kitochi na kununua simu janja hutarajia kupata zaidi ya alichokuwa nacho. Mara nyingi hupata, isipokuwa kitu kimoja: redio ya FM, iliyokuwa ikifunguka bila bando wala mtandao, huenda haimo kabisa.

Upungufu huo hauwahusu wakazi wa Mkoa wa Simiyu pekee. Ni mvutano wa miaka mingi kati ya watengenezaji wa simu na wapenzi wa redio duniani.

Ndani ya simu nyingi mna chipu inayoshughulikia Wi-Fi na Bluetooth, na watengenezaji wa chipu kama Qualcomm na MediaTek wamekuwa wakiweka humo humo uwezo wa kupokea FM. Hata hivyo, uwezo huo haufanyi kazi bila antena na programu ya kuuendesha. Masafa ya FM, kati ya MHz 87.5 na 108, yana mawimbi yenye urefu wa takriban mita 3, na antena inayoyafaa ni robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Simu haina nafasi hiyo, ndiyo maana waya wa hedifoni hugeuzwa antena. Aliyewahi kuuchomoa katikati ya taarifa ya habari anajua kilichofuata.

Mwaka 2016 kampuni ya Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7, na kampuni nyingine zikafuata, hivyo antena ikaondoka pamoja na tundu. Kwa upande wa programu, Android inavyotolewa na Google haiji na programu ya redio kwa ajili ya simu. Kila kampuni huamua yenyewe kuiweka au kuiacha. Simu za Pixel za Google zenyewe hazina. Tecno, itel na Infinix, chapa za kampuni ya Transsion ya China zinazouzwa kwa wingi nchini, zimeendelea kuiweka katika matoleo yao mengi.

Septemba 2017, baada ya vimbunga vikali kuipiga Marekani, Mwenyekiti wa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, Ajit Pai, aliitaka Apple iwashe chipu za FM. Kampuni hiyo ilijibu kuwa iPhone 7 na 8 hazikuwa na chipu hizo wala antena yake. Aprili 2023, Serikali ya India iliwataka watengenezaji wasiizime redio katika simu zenye uwezo huo.

Watengenezaji huzungumzia ufinyu wa nafasi na haja ya kuzuia maji. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haielezi kwa nini simu yenye tundu na yenye chipu bado hufungiwa redio. Wapenzi wa redio hushuku kuwa anayesikiliza kwa intaneti ana faida zaidi kibiashara, kwani hununua bando.

Kwa Simiyu, mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, jambo hili si la anasa. Msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, bei elekezi husikika redioni, sawa na utabiri wa mvua kabla ya kupanda. Kituo kama Sibuka FM cha Maswa husikika bila gharama kwa mwenye kipokezi. Aidha, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, aliyetegemea programu ya mtandaoni hakusikia kitu, ilhali mawimbi ya FM hayahitaji intaneti kumfikia msikilizaji.

Mnunuzi aelewe kuwa programu nyingi za "redio" zinazopakuliwa hupokea matangazo kwa intaneti. Iwapo chipu haikuunganishwa na antena kiwandani, hakuna programu itakayoirejesha. Kabla ya kulipa, azime data, achomeke hedifoni yenye waya, afungue redio iliyomo na kutafuta kituo cha karibu. Ni vema afanye hivyo nje ya duka, kwa kuwa kuta na mabati hudhoofisha mawimbi.