Kisa cha Makmende: Ufutaji wa Makala katika Wikipedia

Mnamo Machi 2010 bendi ya Kenya iitwayo Just a Band ilitoa video ya wimbo "Ha-He", na shujaa wake, Makmende, akavuma nchi nzima. Jina hilo, kama isemwavyo, ni matamshi ya mitaani Nairobi ya kauli ya Kiingereza "make my day", aliyoitamka Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983. Makala yaliyoandikwa juu yake katika Wikipedia ya Kiingereza yalifutwa zaidi ya mara moja. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba yalikuwa upuuzi usioeleweka. Usioeleweka na nani?

Yafaa kukumbuka utaratibu wenyewe. Upuuzi dhahiri hufutwa papo hapo na msimamizi. Makala yenye utata hujadiliwa kwa muda wa siku 7 hivi, na hapo, angalau kikanuni, kura hazihesabiwi bali hoja hupimwa: je, vyanzo huru vya kuaminika vimelieleza jambo hilo kwa kina? Jina lililokuwa vinywani mwa vijana wa Nairobi tangu miaka ya 1990 halikuwa na ushahidi huo. Vyombo vya habari vya ng'ambo vilipoanza kuandika habari zake, hoja ya kufuta ilidhoofika, na makala yakabaki.

Kwa Bukavu jambo hili si la mbali. Mzee wa Kadutu au Bagira, hata akiwa shahidi wa macho, hahesabiwi kuwa chanzo hadi maneno yake yachapishwe.