Shokapu za mbele za pikipiki ya zamani: nini kinarekebishwa?

Pikipiki nyingi za zamani tunazopanda Njombe na Makambako hazina skrubu ya kurekebisha shokapu za mbele. Kinachorekebishwa kiko ndani: springi na oili. Springi hubeba uzito. Oili huizuia isirudi juu kwa kasi.

Jinsi ya kupima. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa nguvu, kisha achia. Ukipanda mara moja na kutulia, ni dalili nzuri. Ukidundadunda, oili imechoka au imepungua. Asubuhi za baridi za Juni na Julai oili huwa nzito, hivyo tembea kidogo kabla ya kupima.

Oili. Fundi amwage ya zamani yote, aweke mpya ya shokapu kwa kipimo cha pikipiki hiyo, kulia na kushoto sawasawa. Oili nzito huongeza ugumu, nyepesi hulegeza.

Springi. Iliyofupika hugonga chini hata kwenye shimo dogo. Badilisha zote mbili pamoja.

Mzigo. Gunia la viazi hukaa nyuma, kwa hiyo kukaza mbele hakusaidii. Kaza springi za nyuma kwa pete yake, kama ipo, na upunguze mzigo: ukizidi, tairi la mbele hukosa mshiko.

Kuvuja. Oili ikionekana kwenye bomba la shokapu, sili imekwisha. Tunashauri usingoje: oili ikifika kwenye breki, mteremkoni haitashika.