Uvamizi wa Karne ya 19 na Swali la Kabila

Kijana wa Tukuyu akiulizwa Wangoni ni nani, mara nyingi hujibu: wavamizi. Jibu hilo tunalipinga, ingawa mavamizi yalikuwapo. Mwaka 1835 jeshi la Zwangendaba, lililokimbia vita vya Afrika ya Kusini, lilivuka mto Zambezi. Miaka ya 1840 lilifika Ufipa. Kiongozi alipofariki likagawanyika, na sehemu yake ikaishia Songea.

Walipopita waliteka ng'ombe, nafaka na watu. Vijana mateka waliingizwa vikosini, wanawake wakaolewa. Hivyo Wangoni wengi wa Songea wakawa wazawa wa kusini mwa Tanzania, na lugha ya Zwangendaba ikamezwa na lugha za mateka. Waviking, wapiganaji wa Skandinavia waliopewa Normandy mwaka 911, yaliwapata hayo hayo: vizazi vichache baadaye walisema Kifaransa.

Mbinu za vita za Wangoni ziliigwa na Wasangu wa Merere, nao wakaishambulia Rungwe kutafuta ng'ombe. Hawakuitawala. Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya rika, vijana wa umri mmoja wakijenga, wakila na kulala pamoja. Kikosi kilikuwa tayari kijijini. (Tusiupambe mno utaratibu huo: ng'ombe walibaki mikononi mwa wazee.)

Kisha Wajerumani wakajenga boma Tukuyu, wakaiita Neu Langenburg. Daftari la mkoloni lilitaka kila mtu awe na kabila moja. Huko Songea, mtekaji na mateka wakaandikwa jina moja: Wangoni.