Jiwe la Tabaka

Mchongaji wa Tabaka, huko Mugirango Kusini, Kisii, nchini Kenya, huanza kazi kwa panga. Jiwe likiwa bado na unyevu wa machimbo, hulimenya kama muhogo, na vipande hudondoka vyeupe, vya waridi, vingine vya kijivu. Pitisha kidole pale alipokata: panateleza kama sabuni. Ndiyo maana likaitwa jiwe la sabuni.

Majina yamesadifiana tu, lakini jiwe la Tabaka kweli ni la matabaka. Madini yake ni ya ukoo mmoja na talki, mika na kaolini, na kila tabaka lina unene wa karibu nanomita 1, yaani mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Unywele mmoja una makumi ya maelfu ya nanomita. Ndani ya tabaka, atomi zimeshikana imara. Kati ya tabaka na jirani yake mshiko ni hafifu, na hapo ndipo panga hupata njia.

Wagusii, wenyeji wa Kisii, walilichonga jiwe hili vizazi vingi kabla ya neno nano kusikika. Mwaka 1959, Richard Feynman aliwahimiza wanafizikia wenzake huko California washuke hadi kwenye atomi moja moja. Mwaka 1974, Mjapani Norio Taniguchi akaipa fani hiyo jina la nanoteknolojia. Leo nanomateriali ni kitu ambacho angalau upande wake mmoja hauzidi nanomita 100 hivi.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha udongo. Miaka ya 1980, watafiti wa Toyota walitenganisha matabaka ya udongo wa mfinyanzi na kuyatawanya ndani ya nailoni. Udongo wa asilimia chache tu uliifanya nailoni iwe ngumu na istahimili joto, ikafaa kufunikia mkanda wa injini ya gari. Mwaka 2004, kule Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov wakabandua grafiti, madini ya penseli, kwa utepe wa gundi hadi likabaki tabaka la unene wa atomi 1. Tabaka hilo, liitwalo grafini, liliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Matabaka kama hayo hayako maabara tu: udongo mwekundu wa mashamba ya chai ya Nyamira, jirani na Kisii, nao una chembe ndogo mno za kaolini na oksidi za chuma, zinazoing'ang'ania fosforasi ya mbolea hata mmea ukaikosa.

Huko Tabaka, vinyago hupigwa msasa ndani ya beseni la maji. Maji hugeuka kama maziwa, na chembe zilizo ndogo kabisa huelea humo muda mrefu bila kutuama. Heri zibaki humo kuliko kuingia mapafuni mwa kijana anayekata jiwe kavu bila barakoa.