Silaha za bakteria wa tumbo

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wengi waliamini kwamba tindikali ya tumbo ni kali mno kwa bakteria kuishi humo. Vidonda vya tumbo vilidhaniwa kusababishwa na mawazo mengi na pilipili.

Mwaka 1979, Robin Warren, mtaalamu wa patholojia katika Hospitali ya Royal Perth, Australia, aliona kwa hadubini vijidudu vilivyopinda kwenye vinyama vilivyokatwa katika matumbo yenye mchochota, yaani uvimbe unaotokea mwili unapojihami. Mwaka 1982 yeye na Barry Marshall walifaulu kuviotesha maabarani. Miaka miwili baadaye Marshall alikunywa mchuzi uliojaa bakteria hao, ambao leo huitwa *Helicobacter pylori*. Siku chache tu zikapita, akaanza kutapika, na uchunguzi ukaonyesha tumbo lake limeshika mchochota. Kidonda, hata hivyo, hakikutokea.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa utafiti mzito kuliko ugunduzi wenyewe. Karibu kila aliyeambukizwa hupata mchochota, lakini wengi wao hawaumwi kamwe. Kwa nini wachache tu wapate vidonda au saratani?

Jibu lilianza kusakwa katika silaha za bakteria mwenyewe. Ya kwanza ni kimeng'enya cha urease, kinachogeuza urea kuwa amonia na kupunguza ukali wa tindikali inayomzunguka. Kwa mikia yake bakteria hupenya ute unaolinda ukuta wa tumbo, kisha hujishikiza kwenye seli. Silaha hizo humwezesha kuishi. Madhara makubwa hutokana na nyingine.

Mwaka 1992 Timothy Cover na Martin Blaser, nchini Marekani, walitenga VacA, sumu inayotoboa mashimo ndani ya seli. Mwaka uliofuata jeni ya protini nyingine, CagA, ikatambuliwa. Mwaka 1996 watafiti wa Siena, Italia, walieleza kwamba jeni hiyo imo katika kundi la jeni takriban 30 zilizokaa pamoja, ambazo baadhi ya bakteria hawa wanazo na wengine hawana. Kundi hilo hujenga kitu mfano wa sindano, na mwaka 2000 ilithibitishwa kwamba kwa njia hiyo CagA huingizwa moja kwa moja ndani ya seli za tumbo.

Ikishaingia, huvuruga mawasiliano ya seli na kulegeza maungio yake. Seli zilizoshambuliwa nazo hutoa kemikali za kuita chembe nyeupe za damu, ambazo huja kwa wingi na kuumiza hata nyama isiyo na kosa. Sehemu kubwa ya maumivu ya mgonjwa, basi, ni kazi ya kinga yake mwenyewe.

Aina zenye CagA huongeza hatari ya vidonda na saratani. Hata CagA zenyewe hazilingani: ile inayopatikana sana Japani na Korea hunasa kwa nguvu zaidi protini ya SHP2, inayochochea ukuaji wa seli, na nchi hizo ni miongoni mwa zenye saratani nyingi ya tumbo duniani.