Nahodha Owen na Bendera ya Mombasa

William Fitzwilliam Owen alizaliwa Manchester mwaka 1774. Mwaka 1788, hata miaka 14 hajatimiza, akaingia jeshi la maji la Uingereza. Mwaka 1808 Wafaransa walimteka wakamfunga Mauritius hadi 1810. Lakini sifa yake kubwa ilitokana na bildi kuliko mizinga.

Mwaka 1821 alitumwa kupima pwani ya Afrika kwa merikebu mbili za matanga, Leven na Barracouta. Kutupa bildi, kusoma kina, kuandika kila mwamba na mlango wa mto, kesho tena vilevile. Homa iliua zaidi ya nusu ya mabaharia aliotoka nao. Alirejea mwaka 1826 na chati zipatazo 300. Zote zilikomea kwenye mikoko ya pwani.

Katikati ya kazi hiyo Owen aliingia katika siasa ya Mombasa. Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo, walikuwa wamezingirwa na majeshi ya Sayyid Said wa Omani, na Pemba imeshawatoka. Februari 1824 Owen alipotia nanga, alikuta bendera ya Uingereza inapepea juu ya Ngome ya Yesu. Wamazrui wameishona wenyewe. Akakubali kuwalinda kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikome, na nusu ya ushuru wa forodha iwe ya Waingereza. Aliichukia biashara hiyo kwa dhati, na kwa hilo anastahili heshima.

Akamwacha Luteni John James Reitz awe gavana. Kijana huyo alisafiri kuelekea mto Pangani, homa ikamuua Mei mwaka uleule. Bandari ya Port Reitz ina jina lake. Luteni James Emery akashika nafasi.

London haikuuridhia mkataba. Julai 1826 bendera ikateremshwa. Mwaka 1837 Sayyid Said aliitwaa Ngome, viongozi wa Wamazrui wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Owen alipanda hadi makamu admirali, akafa Kanada mwaka 1857. Chati zake zilikuwa kazi ya kweli. Ahadi aliyoitoa Mombasa hakuwa na mamlaka nayo, na walioilipia ni Wamazrui.