Chuo cha Wasichana cha Mbweni, na Habari Iliyotoka Ujiji

Wageni wafikao Ujiji huonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Dr. Livingstone katika mwaka 1871, nao husimuliwa jinsi walivyoamkiana. Walakini liko jambo kubwa kuliko maamkio yale, nalo halisimuliwi sana, yaani Livingstone alikuwa ametoka wapi, na alikuwa ameona nini.

Alikuwa ametoka Nyangwe, katika nchi ya Manyema, ng'ambo ya ziwa letu. Tarehe 15 Julai ya mwaka ule ilikuwa siku ya soko, na watu wa wafanya biashara ya watumwa wakaanza kupiga bunduki katikati ya watu. Waliokuwa wakiuza na kununua pale walikuwa wengi wao wanawake. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walijitupa katika mto Lualaba wakazama. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, akarudi Ujiji mgonjwa, hana kitu. Barua zake zilichukuliwa na Stanley, zikachapwa Uingereza mwaka 1872, na waliozisoma wakaghadhibika. Basi Sir Bartle Frere akatumwa Unguja, na mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba kwamba masoko ya watumwa yafungwe, wala mtumwa asichukuliwe tena baharini.

Mkataba ni karatasi. Manowari zilipoyakamata majahazi yaliyouvunja, zilikuta ndani yake watoto, na watoto hao ilipasa wapelekwe mahali. Wavulana walipelekwa Kiungani, na wasichana Mbweni.

Mbweni ni shamba kando ya bahari, maili nne hivi kusini mwa mji wa Unguja. Askofu Tozer wa misheni ya U.M.C.A. alilinunua mwaka 1871, mwaka ule ule wa Nyangwe na Ujiji. Misheni hiyo yenyewe ilizaliwa na maneno ya Livingstone aliyowaambia watu wa Cambridge mwaka 1857, tena ilikuwa Unguja tangu 1864. Jengo la mawe na chokaa likainuliwa, likaitwa Chuo cha Mtakatifu Maria. Tozer alipokwisha kuondoka, Askofu Steere aliwaweka katika shamba lile watu wazima waliookolewa, wakajenga kijiji na kulima. Kwa hiyo chuo hakikuwa peke yake, kilikuwa na majirani waliopita njia ile ile.

Mwaka 1877 alikuja Miss Caroline Thackeray, jamaa yake William Thackeray, mtunga vitabu wa Uingereza. Alikiongoza chuo miaka 25. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa makabila mengi, wengi wao wa nchi za Wayao, Wamakua na Wanyasa, waliopitishwa njia ya Kilwa. Hawakuwa na lugha moja, wala mama, wala mjomba wa kuwaulizia. Wakapewa Kiswahili. Kwa Kiswahili walisoma, wakahesabu, wakasali, wakagombana na kupatana. Na waliokuwa hodari wakafundishwa kazi ya ualimu, kuwafundisha wadogo zao waliotoka jahazini baada yao. Siku zile msichana mtumwa aliyesimama mbele ya darasa na kitabu mkononi lilikuwa jambo geni, hata kwa wenyeji waungwana wa mji.

Lakini si vema kusifu tu. Wasichana waligawanywa: wenye akili ya vitabu walikaa upande huu, na waliodhaniwa hawana walipelekwa upande wa kazi, wakajifunza kufua, kushona na kupika. Kazi ya mikono si aibu, na mwenye kujua kushona hafi njaa. Hata hivyo naona mtoto aliyenunuliwa na kuuzwa kwa ajili ya kazi za namna hiyo angestahili kungojewa kidogo zaidi kabla ya kurudishwa kwenye dobi na jiko. Na wale wa vitabu nao walikuwa wakitazamiwa na vijana wa Kiungani, maana misheni ilitaka waalimu wake waoe wake waliosoma. Hivyo Lucy Magombeani wa Mbweni aliolewa na Cecil Majaliwa, naye alikuwa pamoja na mumewe Chitangali, katika nchi ya Wayao, alikotumwa mwaka 1886. Mwaka 1890 Majaliwa alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Jina lake limeandikwa mara nyingi, la mkewe mara chache.

Na safari hizo za bara hazikuwa salama. Mwaka 1876 Steere aliondoka na watu wa Mbweni, wanaume na wanawake, awarudishe karibu na Nyasa, nao wakakaa Masasi. Mwezi wa Septemba 1882 Wamagwangwara wakashuka, wakauchoma mji, wakachukua mateka. Hebu fikiri, msomaji, mtu aliyekwisha kuokolewa jahazini kufungwa kamba mara ya pili. Wengine walikombolewa kwa mali, wengine hawakurudi.

Chuo hakikuangushwa na adui. Kilipungukiwa na wale waliokijaza. Majahazi ya watumwa yalizidi kuwa machache. Mwaka 1897 sheria ya Unguja ikaacha kuutambua utumwa. Na wasichana waliokuja baadaye walikuwa na wazazi wao, na kazi kubwa ya misheni ilikuwa imekwisha hamia bara. Miss Thackeray aliacha uongozi mwaka 1902, lakini hakurudi kwao. Alikaa Mbweni katika nyumba iliyokuwa ya Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza. Mnamo mwaka 1920 majengo ya chuo yaliuzwa, naye alikuwa bado hai, jirani kabisa. Alikufa mwaka 1926, akazikwa penye kanisa la Mtakatifu Yohana, lililowekwa wakfu 1882.

Kanisa hilo lingali na watu wake. Chuo ni magofu: kuta za mawe zisizo na paa, na mizizi ya miti imeshika madirisha, na chini yake ni bahari ile ile waliyoletwa wasichana.